Sakafu Iliyolowa kwa Upepo

Magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Mimi nilikuwa bado nataka kuendelea, lakini yenyewe yalikaa kikao bila kunialika, na asubuhi moja, katika nyumba fulani huku Doha, nilipiga magoti kukagua ubao nikashindwa kuinuka. Mwenye nyumba alichungulia akadhani nasali. Akatoka taratibu, akafunga mlango kwa heshima. Nilikaa pale sakafuni nikimsubiri amalize kuniheshimu ili nimwombe mkono.

Tangu siku hiyo mimi ni mstaafu. Mke wangu, Mama Mwende, ambaye ni muuguzi na ndiye aliyetuleta nchi hii, huenda kazini alfajiri, nami hubaki nyumbani kuchemsha maharagwe na kutoa maoni kuhusu mambo ambayo hakuna aliyeniuliza. Lakini hili mmeniuliza wenyewe, vijana mnaoingia kazi ya ukarabati wa nyumba. Kila Ijumaa baada ya ibada mmoja wenu hunivuta kando: "Mwalimu, eti ulitibu sakafu za mbao? Hapa? Mbao gani itaoza jangwani?"

Swali zuri. Hata mimi nililiuliza, na mimi nina shahada ya jiografia.

Ndiyo, jiografia. Kule Machakos nilifundisha sekondari miaka mingi. Naweza kukuchorea ubaoni, ule ubao mwingine wa chaki, jinsi mto unavyozaliwa, unavyojikunja na kuzeeka. Tulipohamia huku nikidhani shule zitanigombea, vyeti vyangu vilikaa ndani ya bahasha hadi bahasha ikabadilika rangi. Mwishowe nikapata kazi katika kampuni ndogo ya kukarabati nyumba za watu, na cheo changu cha kwanza kilikuwa kubeba mbao kutoka kwenye pikapu. Niliyembebea alikuwa Mzee Mwakio, Mtaita mfupi mwenye mikono mirefu, aliyejifunza useremala kule Voi akikarabati zile nyumba za mbao za reli zilizoinuliwa juu ya vigingi. Alipoambiwa nimesoma chuo kikuu, alinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi asiye na meno.

"Digrii," akasema, "lete nyundo."

Jina likanishika. Hata siku mbili tatu alizoniita kwa jina langu halisi, nilidhani anamwita mtu mwingine.

Mambo mengi ninayoyajua kuhusu ubao unaooza yalitoka kwake, na nitawapa bure, kwa kuwa yeye alinilipisha kwa matusi. La kwanza ni pua. Ukiingia chumbani, kabla hujamsikiliza mwenye nyumba, nusa. Ubao unaooza hunuka kama uyoga na gunia lililosahaulika stoo. Kuna nyumba wanachoma udi kutwa, pua ikapotea kabisa. Hapo lala chini, pua ukingoni mwa ukuta, unuse pale mbao zinapokutana na saruji. Utaonekana mjinga. Zoea.

Halafu bisibisi. Ubao mzima huikataa ncha ya bisibisi, na uliooza huikaribisha kama mgeni wa harusi. Usichome katikati ya chumba pekee, kwani ubovu hupenda pembe, ncha za boriti zilizoingia ukutani, na chini ya dirisha. Na gonga kwa mpini wa nyundo ukisikiliza. Ubao mzima hujibu, mbovu hunung'unika.

Ukishaupata ubovu, usikate pale macho yanapoona umeishia. Kuvu ina mizizi myembamba kama uzi wa buibui, nayo hutangulia mbele ya weusi. Mwakio alikuwa analaza mkono wake, kiwiko kwenye mpaka wa ubovu, na pale vidole vinapofika ndipo anakata. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa mirefu kupita kiasi, tulikuwa tunanunua mbao nyingi. Baada ya kukata, pakeni ncha dawa ya chumvi ya boraksi iliyoyeyushwa, ikolee, kisha wekeni kipande cha karatasi ya lami kati ya boriti na ukuta ili saruji isiinyweshe boriti maji. Na tafadhali, nawasihi kama mzazi, msimwage dawa ya klorini ya kuoshea choo. Najua ndiyo ya kwanza kushika, kwa sababu nyumbani mama zetu waliitumia kwa kila kitu isipokuwa chai. Klorini huung'arisha uso wa ubao, na mzizi ukabaki chini ukicheka. Wala msipake vanishi juu ya ubao wenye maji. Mtakuwa mmemfungia mwizi ndani ya nyumba.

Kule Lusail tuliwahi kuitwa kwenye fleti mpya kabisa, mbao zimewekwa juu ya zege ambalo halijakauka, kwa kuwa mtu fulani alikuwa na haraka ya kukabidhi funguo. Sakafu ilikuwa imeumuka katikati kama andazi. Mwenye fleti, kijana mpole, alikuwa amesogeza sofa juu ya kile kilima ili kishuke. Badala yake sofa ndilo lililopanda. Alikuwa anatazama televisheni kutoka juu, kama refa wa tenisi.

Mwakio alizunguka lile andazi mara moja, akaniambia kwa Kiswahili ili mwenyeji asielewe, "Digrii, huyu tumwambie polepole. Bado anaipenda."

Sasa, juu ya ujuzi wote huu Mwakio alikuwa na amri moja kuu, na amri hiyo ndiyo nataka kuwasimulia leo. Alikuwa akisema: "Ubao hauuawi na maji. Unauawa na kukosa pumzi. Upe upepo, utapona." Zile nyumba za reli zilikuwa na matundu ya hewa chini ya sakafu, na pale mwenyeji alipoyaziba kuzuia nyoka na paka, sakafu ilioza. Mwakio akafungua matundu, na sakafu ikapona. Alifanya hivyo maisha yake yote na hakukosea hata mara moja. Mimi niliipokea amri hiyo kama nilivyopokea katekisimu.

Kisha tukaenda kwa Umm Nasser.

Umm Nasser ni mama mjane wa huko Al Wukair, mtu mzima wa miguu mibovu na ulimi mzima. Marehemu mumewe alikuwa amemjengea majlisi yake, sebule ya kupokelea wageni wake wa kike, na badala ya marumaru akamtilia sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya maboriti, na uwazi wa kama nusu mita chini yake. Aliipenda kwa sababu haikuwa baridi miguuni na haikuwa ngumu magotini. Kila alasiri wanawake wenzake walikuja kunywa gahwa pale. Kwa hiyo sisi tuliruhusiwa asubuhi tu, na tuliingizwa na Zaituni.

Zaituni alikuwa msichana wa kazi, Mganda wa Mbale, mwenye sauti ya kuuzia mitumba. Kabla hatujavuka kizingiti alitangaza nyumba nzima, ili wanawake wajistiri:

"Wanaume wanaingia! Mmoja kijana, mmoja kizee!"

Mimi na Mwakio tulitazamana.

"Kizee ni nani?" Mwakio akauliza.

"Gawaneni wenyewe, ssebo," akasema Zaituni. "Viatu nje."

Ilikuwa miezi ya baridi. Mbao zilizo karibu na ukuta, chini ya kiyoyozi, zilikuwa zimeanza kulainika. Tukakagua bomba la kutolea maji ya kiyoyozi, tukamwagia ndoo nzima ya maji. Yakatoka nje yote, ukutani hakuna hata tone. Mabomba mengine hayakuwapo upande ule. Tukamwuliza Zaituni anavyosafisha. Akajibu bila kupepesa kwamba mwezi wake wa kwanza alimwaga maji na kupiga deki kwa kuinama, kama anavyofanya kila mwanamke aliyekulia kwenye sakafu ya saruji kuanzia Mombasa hadi Kampala, na kwamba Nasser, mtoto mkubwa wa mama, alimkuta na ndoo akapiga kelele, na tangu hapo hutumia kitambaa kilichokamuliwa tu.

Mwakio hakujali ndoo. Alikuwa ameshalala chini akichungulia kwa tochi. "Matundu," akasema, kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu yake ughaibuni. "Yapo, lakini ni madogo mno. Ubao unakosa pumzi, Digrii." Tukakata ubovu, tukaweka mbao mpya, tukapaka dawa, kisha tukatoboa matundu makubwa kwenye ukuta wa nje, mazuri, yenye wavu wa kuzuia panya. Upepo mkavu wa Januari ukapita chini ya sakafu ukipiga mluzi. Kazi ilikuwa safi kiasi kwamba nilipiga picha. Muda mfupi baadaye Mwakio alifunga mizigo akarudi Wundanyi kufuga ng'ombe, na sanduku lake la vifaa akaniachia mimi, pamoja na amri yake kuu.

Mwisho wa Agosti Nasser alinipigia simu.

Aliye Doha anaujua mwisho wa Agosti. Asiyeujua, avae koti la mvua aingie jikoni wakati wa kupika githeri ya msiba. Nilifika Al Wukair asubuhi shati likiwa limeshakata tamaa, na mlangoni Zaituni hakutangaza chochote. Alinionyesha njia kwa kidevu.

Majlisini Umm Nasser alikuwa kitini, mguu umefungwa bendeji. Juzi yake aliinuka kumpokea mgeni, ubao ukazama chini ya mguu wake. Zaituni ndiye aliyemdaka. Kifundo tu kiliteguka, lakini nyote mnajua nyonga ya mtu mzima ikivunjika huwa ni habari gani. Nasser, ambaye hufanya kazi West Bay katika mojawapo ya yale majengo ya vioo, alikuwa amesimama katikati ya chumba na kanzu yake nyeupe, akijizuia. Tulizungumza kile Kiarabu cha kazini ambacho kila mtu huku anakifahamu na hakuna anayejivunia.

"Ustadh, mimi si mtu wa kelele," alisema. "Wewe ulisema bomba ni zima?"

"Zima."

"AC haivuji?"

"Nimeipima tena sasa hivi. Haivuji."

"Na mbao ni mpya, na dawa ulipaka."

"Nilipaka."

"Basi imebaki ndoo." Hakumtazama Zaituni, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kumtazama. "Mimi nilimkuta nayo kwa macho yangu. Mama angevunjika. Nikirudi kutoka ofisini leo nataka uniambie kama ni maji ya kupigia deki au siyo. Kama ndiyo, khalas, naweka marumaru, na huyu atapanda ndege kwao wiki hii."

"Marumaru utaikanyaga wewe," mama yake akasema kutoka kitini. "Na Zaituni ukimrudisha, nani atanidaka?"

"Mama, asingemwaga maji usingehitaji kudakwa."

Akaondoka. Nikabaki na sakafu, mama mwenye bendeji, na Zaituni aliyesimama mlangoni mikono imefungwa kifuani. Alikuwa na mdogo wake anayesomea uuguzi Mbale, na mdogo huyo alikuwa anasoma kwa mshahara wa nyumba ile. Nililijua hilo kwa sababu aliwahi kumwuliza Mama Mwende, kwa simu yangu, vitabu gani vya uuguzi vinafaa.

Nikamvuta kando. "Zaituni, niambie kweli. Hujamwaga maji?"

"Banange! Mwalimu!" Macho yalimtoka. "Naifuta hiyo sakafu kama nafuta simu ya tajiri. Unaniuliza mimi kwa nini? Fundi ni nani? Ubao si uuulize wewe?"

Alikuwa na haki. Nikauuliza ubao.

Niling'oa mstari mmoja wa mbao katikati ya chumba, kutoka ukuta hadi ukuta. Jambo la kwanza lilinipa matumaini: juu zilikuwa kavu na nzima, vanishi bado inang'aa, na ubovu wote ulikuwa upande wa chini. Maji ya deki huingia kwa juu, kwenye maungo, na ubao ukaanza kufa kutoka usoni. Huu ulikuwa unakufa kutoka tumboni. Shikeni hilo, vijana, maana litawasaidia siku mtakapokutana na mtu anayetafuta wa kumlaumu: angalieni ubovu umeanzia upande gani kabla ya kuangalia nani ameshika ndoo.

Lakini Nasser asingetosheka na tumbo la ubao. Angeniuliza, kama si maji ya Zaituni, ni maji ya nani? Nikamulika chini kwa tochi. Ardhi chini ilikuwa na unyevu upande mmoja tu, ule wa kiyoyozi na wa matundu yetu mapya. Nikafikiri kama Mwakio: pumzi haitoshi. Nitoboe matundu mengine mawili. Nikapiga alama ukutani kwa penseli, nikainuka kwa maombi na kushika meza, nikatoka nje kuchukua drili kwenye pikapu.

Nilipovuka mlango miwani yangu ikawa nyeupe.

Hilo hunitokea kila siku ya Mungu. Hukutokea wewe pia kama unavaa miwani huku: unatoka kwenye baridi ya kiyoyozi, hewa ya nje inakugusa, na dunia inapotea. Unasimama kama kipofu ukifuta kwa shati. Nilikuwa nimefuta miwani hiyo kwa shati miaka yote ya kukaa Qatar bila kuipa wazo hata moja. Nilisimama pale uani nikiishika, maji yakitiririka kwenye vioo hadi kidole gumba, na Zaituni, aliyekuwa anaanika kitambaa, akaniuliza:

"Mwalimu, umeanza kulia? Mimi ndiye ninayefukuzwa."

"Umande," nikasema.

"Nini?"

"Umande, Zaituni! Kidato cha pili!"

Alinitazama kwa huruma. Alidhani jua limeniingia. Lakini mimi nilikuwa darasani Machakos, nimeshika chupa ya soda kutoka kwenye friji ya kantini, nikiwaonyesha watoto jinsi hewa yenye unyevu ikigusa kitu baridi huangusha maji yake juu ya kitu hicho. Hakuna aliyeimwagia chupa maji. Chupa inalowa kwa sababu ni baridi na hewa imebeba maji. Nililifundisha somo hilo kila mwaka. Nililitahini. Niliwakata watoto alama kwa kusahau neno moja.

Na Umm Nasser, ambaye huhisi joto kuliko watu wote wa Al Wukair, aliweka kiyoyozi chake chini kabisa, mchana na usiku, na kile kiyoyozi kilipuliza baridi juu ya mbao zilezile za ukutani. Sakafu yake ilikuwa chupa ya soda. Matundu madogo ya zamani yalikuwa yakiilowesha kidogokidogo kila msimu wa joto. Na sisi, mimi na Mzee Mwakio, na drili na wavu wa panya, tulikuwa tumeifungulia mlango hewa ya Agosti iingie chini ikaikumbatie.

Kule Voi upepo hukausha. Hapa, kwa miezi ile ya joto, upepo ndio unaobeba ndoo.

Kujua hakukutosha, nilihitaji kitu cha kumwonyesha Nasser. Nikakausha mbao zote kwa chini kwa vitambaa, upande huu na upande huu. Nikatundika nailoni nzito chini ya sakafu kama pazia, kutoka boriti hadi ardhini, nikaugawa ule uwazi mara mbili, kila nusu ikibaki na matundu yake. Upande mmoja nikaziba matundu kwa matambara. Upande wa pili nikayaacha wazi. Nikarudisha mbao mahali pake bila kuzipigilia, nikamwomba Umm Nasser jambo moja: asiingie mtu.

Alifurahi kupewa kazi. Akasogeza kiti chake hadi mlangoni, akakaa na birika lake la gahwa, na alasiri wageni wake walipofika akawapokea kwenye kiti cha kizingiti, akiwaeleza wote kwamba ndani kuna kesi. Zaituni alikaa jikoni. Mimi nilikaa kwenye pikapu nikijisomea alama zote nilizowakata watoto wa watu.

Nasser alirudi, akashuka kwenye gari lake la baridi, na miwani yake ya jua ikawa nyeupe. Nilimwacha aifute. Ualimu una starehe zake chache na sikutaka kuharibu hii.

Ndani nikamwomba alale chini.

"Nilale?"

"Lala, Nasser," mama yake akasema. "Mimi nimekaa hapa kutwa nzima kwa ajili yako."

Akalala kwa tumbo, kanzu nyeupe na yote. Nikainua ubao wa upande uliozibwa. "Papasa kwa chini." Akapapasa, akatoa mkono. Mkavu. Nikainua wa upande wa pili. Akaingiza mkono, na nikaona bega lake likisimama. Alipoutoa, matone yalikuwa yanamdondoka kwenye vidole. Aliyatazama, akayanusa.

"Nani ameingia humu?"

"Hakuna mtu," akasema Umm Nasser. "Hata paka. Muulize Umm Khalid, alikuja kunywa gahwa nikamnyima kiti."

"Basi nani ameyamwaga?"

Nikamweleza. Nikamweleza na matundu pia: kwamba ni kazi yetu, kwamba yalikuwa dawa sahihi katika nchi nyingine, na kwamba nitayaziba kwa gharama yangu. Aliinuka polepole, kifua cha kanzu kimechafuka vumbi la mbao. Nasser ni mtu wa haki, lakini ni mtu wa haki anayepitia barabara ndefu.

"Sawa," akasema. "Hiki nimekiona. Lakini kuona mara moja si kuona. Rekebisha unavyojua. Sakafu ikivuka joto la mwaka ujao, na Zaituni amevuka, nampa mkataba mwingine. Isipovuka, basi kuna maji mengine ambayo hukuyaona."

Zaituni, jikoni, alikuwa amesikia kila neno. Nilipotoka akanipa chai bila sukari, jambo ambalo kwa Mganda ni ishara ya kuvurugikiwa.

"Kwa hiyo mimi nimefungwa kwenye ubao," akasema.

"Mwaka mmoja tu."

"Mwalimu, uufunge vizuri."

Nikaufunga vizuri. Andikeni haya, kwa kuwa ndiyo yatakayowalisha huku. Niliziba matundu yote ya nje kwa tofali na saruji, hata yale madogo ya zamani. Ardhi chini ya sakafu nikaitandika nailoni nzito, nikaipandisha ukutani na kuibandika, ili unyevu wa udongo ubaki kwake. Halafu nikatoboa vitundu vyembamba ndani ya chumba chenyewe, pembezoni mwa kuta, nikaviwekea vifuniko vya shaba ambavyo Umm Nasser alivichagua mwenyewe baada ya kuvikataa vingine vyote vya dukani. Kwa vitundu hivyo, hewa inayozunguka chini ya mbao ni ileile ya chumbani, ambayo kiyoyozi kimeshaikamua maji. Ubao bado unapumua. Mwakio hakukosea hapo. Unachopaswa kujua ni unapumua hewa ya wapi. Mwisho nikafanya lililokuwa gumu kuliko yote: kumshawishi Umm Nasser apandishe kiyoyozi kutoka kumi na saba hadi ishirini na nne. Tulipatana kwenye ishirini na mbili, baada ya mazungumzo ambayo kwayo nchi mbili zingepatana mipaka.

Nilimpigia simu Mwakio Wundanyi. Nilijiandaa kumpasulia habari kwa upole, kama yule kijana wa Lusail. Alisikiliza hadi mwisho, ng'ombe wakilia nyuma yake.

"Kwa hiyo matundu yangu ndiyo yameozesha sakafu?"

"Yetu, mzee."

"Na wewe ulifundisha jambo hili shuleni?"

"Kila mwaka."

Kisha nikasikia kicheko kikianza mbali, kikaja, kikamfikia, hadi akaanza kukohoa. "Digrii," akasema alipopata pumzi, "sasa zile mbao ulizobeba zimelipwa."

Mwaka ule ulipita nikiwa na shughuli nyingine, na magoti yangu yakaendelea na mipango yao ya siri. Lakini joto lilipopanda tena nilianza kulala vibaya. Kila jioni nilipotoka dukani na miwani ikawa nyeupe, niliwaza ule ubao. Mama Mwende alinicheka: "Wagonjwa wangu nawaacha wodini. Wewe unalala na sakafu ya watu." Nilijua kazi ni nzuri. Lakini kazi nzuri ya kwanza nayo niliipiga picha.

Septemba ilipoanza kulegea nilikwenda Al Wukair bila kuitwa. Nilibonyeza kengele nikasikiliza nyayo ndani, nikijaribu kuzitambua. Sikuwa nawaza mbao. Nilikuwa nawaza ni sura ya nani itakayofungua mlango ule.

Alifungua Zaituni. Hakunisalimu. Alinishika mkono wa shati, akanivuta hadi majlisini, akasimama palepale ubao ulipokuwa umezama mwaka uliotangulia. Akaruka. Akatua kwa miguu yote miwili, akaruka tena, juu zaidi, na sakafu ikajibu kwa sauti moja nene, ya ubao mzima.

"Umesikia?" akasema akihema.

Kutoka chumba cha pili ikaja sauti ya Umm Nasser.

"Ustadh, ni wewe? Mwambie aache! Tangu Nasser atie sahihi mkataba wake anaruka hivyo kila asubuhi, na mimi bado nimelala!"